Betri za droni nilizozianika juani

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimevishinda vimbunga vyote vya Mahajanga, hapa Madagaska, na leo nimeishinda betri.

Karibu niishinde.

Binti yangu Mariamu hupiga picha za harusi kwa droni. Leo alasiri ana kazi ya harusi mtaa wa Antanimasaja. Asubuhi nikazikuta betri zake ndani ya chungu, kivulini.

Kivulini! Sisi betri za redio zikichoka tulizianika juani, na redio ikaimba tena. Basi nikazitoa, nikazipanga juu ya bati la banda la kuku, kando ya samaki wangu.

Jua lilipokolea, moja ikavimba kama andazi.

Nikamwita Mariamu. "Njoo uone, hii imeshiba!"

Akapiga kelele kwa Kimalagasi, maana akikasirika hana lugha nyingine. "Baba, usiiguse! Italipuka!"

Mimi niogope kitu kidogo kama kipande cha sabuni? Nikanyoosha mkono.

Ikafuka moshi, kisha ikatema moto.

Sijakimbia vile tangu ujana wangu.

Mariamu akaifukia kwa mchanga. Zilizobaki akazikataa, ati zikishapata joto hivyo haziaminiki tena.

Harusi itapigwa picha kwa betri moja, ile niliyoisahau ndani ya chungu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiokoa harusi, na hakuna aliyenishukuru.

Wazee wenzangu, betri ya droni si samaki. Nani mwingine amewahi kuianika? Semeni, msiniache peke yangu.

Asiyeamini amuulize jirani yangu Ma Zaliha. Alikuwa dirishani, na mpaka sasa anacheka.