Kaptura ya Lastiki

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa ukaidi hana mpinzani. Mwaka wa ishirini sasa anashona sare za chekechea ya mtaani kwetu, na kila kaptura huitia lastiki kiunoni. Anasema mtoto akibanwa na haja lazima aweze kuivua mwenyewe.

Mwaka huu mwalimu mkuu akaja na mapya. Ataanza kupokea watoto wa miaka miwili, tena anataka kaptura za zipu na vifungo viwili, ili wafanane na wanafunzi. Mama aliguna tu.

Mimi nilikuwa upande wa mwalimu. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, na mwanangu Kibonge ana miaka miwili na miezi mitatu. Majirani walishanijaza maneno: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akichelewa kuanza wenzake watahesabu hadi mia yeye bado anatafuna kola. Basi nikamwandikisha kimyakimya, bila kumwambia Mama.

Siku mwalimu alipokuja kuona kaptura ya mfano, nilimpeleka Kibonge kwa Mama ili aijaribu. Hapo ndipo alipojua kuwa nimemwandikisha. Hakunigombeza. Alimvalisha mjukuu wake, akafunga vifungo vyote viwili, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, mume wangu, vua."

Kibonge akavuta huku, akavuta kule, akakaa chini, akalia. Mwisho akajikojolea.

"Atazoea," mwalimu alisema.

"Wewe umezoea miaka hamsini," Mama akamjibu. "Vaa hizo glovu zako za pikipiki, halafu fungua kifungo cha shati lako."

Mwalimu alidhani ni utani, akacheka peke yake. Ikabidi avae. Alihangaika na kifungo cha kwanza mpaka kikakatika, kikabingirika chini ya meza.

"Pale shuleni kuna dada wa kuwasaidia," alisema, akijifuta jasho.

"Madada wangapi?" nikauliza mimi.

"Mmoja."

"Kwa watoto wangapi?"

"Thelathini na wawili, mpaka sasa."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameficha uso kwa mikono, anaona aibu. Hasira zikanipanda, na nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe. Nikamvua ile kaptura, nikamkabidhi mwalimu ikiwa imelowa vilevile.

"Mfute kwenye orodha. Atakuja akiweza kuvua mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia Mama, akasema basi sare zote atampelekea fundi mwingine.

"Mpelekee," Mama akasema. "Mlango ni huohuo ulioingilia."

Kazi ya msimu mzima ikaondoka na pikipiki. Nikaanza kulia, maana zamu yangu ya kesho yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi na sikuwa na pa kumwacha mtoto. Mama akaniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa yeye, au yeye ndiye aliyenizaa mimi. Kisha akasema nimlete Kibonge na mto wake.

Chumba chake cha kazi ni kimoja, na meza ya pasi inalingana na pua ya mtoto. Kwa hiyo siku hizi pasi haiwashwi mpaka Kibonge alale mchana. Wateja wa asubuhi wananung'unika kweli. Mama hainui hata kichwa.

"Mwenye haraka," anawaambia, "avae na mikunjo yake."