Mizizi Niliyoing'oa Kando ya Mto Tana

Aibu hii nimeifunika miaka mingi, lakini kwa kuwa mmenibana na chai mmeshanimiminia, wacha niitoe mcheke mmalize.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana, mwalimu wa historia pale Masalani, nimetumwa kutoka Nyandarua kwenye baridi na kabichi. Siku moja nikifundisha habari za binadamu wa kale, jinsi walivyokula matunda ya porini, mizizi na nyama ya kuwinda, msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama walikuwa na nguvu hivyo bila ugali wala sukari, mbona sisi tusile kama wao?" Swali likaninasa. Kweli, mbona tusile? Nami nilikuwa na kitambi (kidogo tu, msiniangalie hivyo), nikajikuta natangaza mbele ya darasa zima, "Nitajaribu mimi, nije niwaambie."

Kumbe jambo lenyewe lina mengi! Maziwa ya ngamia ninywe? Mwalimu wa kilimo akakataa, watu wale hawakufuga. Chumvi je? Moto walikuwa nao tangu lini? Tulibishana ofisini mpaka kengele ikatupita. Mwishowe nikaacha ugali, chai na chumvi, nikabaki na ukwaju, makoma (yale matunda magumu ya mikoma) na asali.

Jumamosi, njaa ikiniuma hadi masikio yanavuma, nikashuka mtoni kutafuta mizizi. Nikaona mahali pamejaa magugu, hapana ua, na katikati miti myembamba yenye majani kama vidole, nikapiga magoti nikachimba kwa kijiti (kijiti, jamani, maana watu wa kale hawakuwa na jembe), nikang'oa mzizi mnene, nikaupangusa kwenye suruali, nikauma.

"Tema! Tema hiyo!"

Alikuwa Mama Hawaye, mwenye shamba, panga mkononi, na nyuma yake wanawake waliokuja kuteka maji. Nikatema.

"Huo muhogo mchungu, ukiula mbichi utakufa! Na nani kakuruhusu kuingia shambani kwangu?"

"Nilidhani ni pori, mama. Natafuta chakula cha watu wa kale."

"Kale ipi? Nimeupanda mwenyewe baada ya mafuriko!"

Wakacheka, lakini mmoja akasema, "Mwacheni, ana njaa huyu, mtazameni macho." Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana afadhali ningeitwa mwizi. Kufika alasiri mji mzima unasema walimu hawalipwi, mmoja amekutwa akitafuna mizizi, na baada ya swala watu wakanichangia. Nikasikia hodi, nikatoka, nikamkuta Mzee Bare, mfugaji aliyeheshimiwa sana pale, na kundi la watu, mfuko wa mchele na kibuyu cha maziwa, na wanafunzi wangu wamejipanga wanatazama.

"Mwalimu, bole sana. Serikali hailibi?" akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, p kwake ni b.

Mwalimu mkuu naye akafika mbio, jasho linamtoka, anauliza nimemwambia nani kwamba shule yake inaua walimu kwa njaa. Ikabidi nieleze yote, pale pale mlangoni. Mzee Bare akasikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Yaani chakula unacho?"

"Ninacho, mzee."

"Habo ndani?"

"Hapo ndani."

Akautazama mlango wangu. "Ule mwaka wa ukame, ngamia wote wamekufa, sisi tulichemsha mizizi. Hakuna mtu alikuwa anajaribu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nikataka kumrudishia mchele, akakataa, "Sadaka hairudi, walal," akaniita ndugu kwa Kisomali, akaondoka na watu wake. Nikaupika jioni ile, nikatia chumvi, nikamwita Mama Hawaye na wanawe tukala, na sikuweza kumtazama usoni.

Mpaka leo bado nataka kujua watu wale walikula nini hasa, na nikipata cha kusoma nasoma, ila nasoma nimeshiba. Na kujifanya mwenye njaa mbele ya watu waliowahi kuwa nayo, wallahi, hilo sirudii tena.