Mlio wa Gurudumu la Kulia

Garini tulikuwa wanne: baba yangu Athumani, akiendesha gari lake, mama yangu Mwanahawa, uchungu wa kuzaa umemshika, mjomba Salehe, kaka yake mama na fundi wa magari, na mimi mtoto. Leo nimenusa girisi mikononi mwa mjukuu wangu, wote wakanirudia.

Tulitoka Pangani kumpeleka mama hospitali Tanga. Nyuma ya gari pakawa pananguruma. Mjomba akasema ni difu, gia za ekseli ya nyuma. Baba akasimamisha, mjomba akashindilia ndizi mbivu ndani yake, ndio ufundi wao wa siku zile wa kuinyamazisha. Tukaondoka, mlio ule ule.

Mimi nimeketi nyuma, juu ya gurudumu la kulia, nausikia mpaka kwenye mifupa. Nikasema, "Baba, tukikata kushoto linanguruma, tukikata kulia linanyamaza. Ni gurudumu hili."

Mjomba akacheka. "Lahaula! Shemeji, kumbe umezaa fundi! Kesho mpe spana, aache kukuna nazi."

"Litazameni basi hilo gurudumu, kaka," mama akasema.

"Tulia, dada. Tutachelewa."

Baba naye hakusimama. Hatujafika Kigombe, beringi ya gurudumu lile ikasagika, likang'oka. Ndugu yangu akazaliwa pale pale, kando ya mikonge. Hakulia.

Mpaka anaingia kaburini baba alisimulia wageni kwamba gari liliharibika ghafla, halikutoa dalili yoyote. Nami nipo, namimina chai. Labda nimesahau mimi. Aliyemsikia akikiri kwamba nilimwonya, hata mara moja, anisahihishe.