Jiwe Tulilosahau Kuliandika

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Jirani yangu aliponiambia anataka kulipasua jiwe lililo kati ya nyumba zetu ili apanue jiko, nilimjibu anipasue mimi kwanza. Juu ya jiwe hilo marehemu mama yangu aliota jua kila asubuhi akiliangalia ziwa, mpaka mwaka aliotutoka. Likivunjwa, nitakwenda kumkumbukia wapi?

Tukanuniana. Siku nilipoona amewaleta mafundi wa mawe na kuni zao za kulichomea mpaka lipasuke, nikakimbilia baraza la kata kushtaki.

Wazee wa baraza walitusikiliza vizuri tu. Kisha mwenyekiti akasema kazi yao ni kusuluhisha, siyo kutoa hukumu. "Nendeni mkakae wenyewe wawili. Wiki ijayo mniletee karatasi, mmekubaliana na mmetia saini. Na jiwe lisiguswe."

Niliondoka nimefura. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na darasani nilipenda kusimulia habari za miji ya Japani ya zamani: mtu anakwenda kushtaki, hakimu anamrudisha kwa mwenye nyumba wake na majirani, wakapatane huko huko mtaani. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mahakimu wale walikuwa wavivu. Haya, sasa yamenikuta.

Shida ikawa tukae wapi. Kwake siingii, kwangu haingii. Mahali pekee pasipokuwa pa yeyote kati yetu palikuwa juu ya jiwe lenyewe. Basi tukapanda, mimi na kalamu, yeye na chupa ya chai aliyoimimina kwenye kikombe kimoja tu, chake.

Siku ya kwanza tuliandika tarehe, tukashindwa kuendelea. Siku ya pili alileta viazi vitamu vya moto na vikombe viwili, nami nikaleta dagaa wa kukaanga. Kalamu ikashika kasi. Tukaandika maji ya mvua yapite wapi, kuku wake wasiingie kwenye mchicha wangu, redio yangu ipunguzwe Jumapili. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, unajua mama yako alikuwa ananiita kutoka hapa hapa, ananiuliza leo nimepika nini? Nikichelewa kumjibu, ananiita mvivu."

Sikujua. Nililia, naye akalia, halafu tukaonana tulivyo, watu wazima na makamasi juu ya jiwe, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nilifurahi siku ile kuliko ninavyoweza kueleza.

Wiki ilipoisha tukapeleka kurasa mbili zilizojaa. Mwenyekiti akazisoma zote, akavua miwani.

"Nzuri sana. Na jiwe je? Ni la nani?"

Hatukuwa tumeliandika popote.

"Andika ni la mama yake, mzee," jirani yangu akasema. "Sisi tunalikalia tu. Jiko nitalipanulia upande wa barabara."

Mzee akaandika hivyo hivyo, akagonga muhuri.