Mafuta ya Mgonjwa Si ya Maiti

Nakumbuka siku niliyobebwa kwa machela kutoka kijijini kwetu Kitura, nikiwa kijana mwenye mke mjamzito na majivuno mengi. Utumbo ulikuwa umejisokota, tumbo limevimba. Mimi niliyezoea kubeba gunia la kahawa peke yangu, siku hiyo nilivishwa suruali na kaka zangu. Hujafa hujaumbika, mwanangu.

Daktari wa hospitali ya misheni alisema nipasuliwe mara moja, la sivyo nitakufa. Nilikuwa tayari kukubali. Ndipo padre akaja wodini na kichupa chake cha mafuta matakatifu. Shangazi yangu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akamzuia mlangoni: "Padre, bado! Huyu hajafikia huko!"

Unatujua sisi Wamatengo. Enzi zile padre akionekana na mafuta kitandani kwa mtu, nyumbani walianza kutafuta mbao za jeneza. Nami niliamini hivyohivyo. Nikaona daktari amenificha, kumbe nimeshakwisha. Nikasema, "Nirudisheni, nikafie kwangu," nikageukia ukuta.

Muuguzi mmoja mtu mzima, mjane wa kutoka Ngumbo kule ziwani, akaja kuketi kando ya kitanda. Hakunikemea.

"Baba, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

Akaendelea kukaa. Kule kukaa kwake ndiko kulikonishinda. Nikalia mbele ya wagonjwa wenzangu, nikamwambia naogopa kufa, naogopa mtoto wangu atazaliwa asinijue. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hofu nayo ni maradhi.

Wala hakuniambia nisiogope. "Hata mimi ningeogopa," alisema. "Lakini mafuta haya ni ya mgonjwa. Maiti hapakwi, baba. Ukiyataka, padre yupo. Usipoyataka, nitakuosha na kukuandaa kwa upasuaji vilevile." Kisha akamgeukia shangazi: "Na wewe mama, kilio chako kiweke. Kama mdomo hautulii, sali rozari."

Shangazi akasali, kwa hasira, lakini alisali. Nikaomba padre aje. Akanipaka kwenye paji la uso na viganjani, nikaitikia Amina kwa mdomo wangu mwenyewe, kisha nikamwambia daktari, "Haya, twende." Hofu haikuisha, ila sikuwa nayo peke yangu tena. Nikapasuliwa, nikapona, nikampakata mtoto wangu.

Sasa wewe unaanza kazi ya uuguzi, nami nina furaha kubwa. Dawa na sindano zijue vizuri, maana sala haishoni utumbo. Lakini jua kwamba aliyelala mbele yako amevuliwa nguo, na heshima yake yote imebaki mikononi mwako. Kaa naye. Muulize anachoogopa. Akinyamaza, kaa tena. Usimlazimishe sala, wala usimnyime. Na akiwa Mkatoliki, muulize mapema kama anamtaka padre, akiwa bado na pumzi ya kukubali au kukataa.

Kristo aliyewagusa wenye ukoma aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku itakapofika zamu yako ya kulala kitandani, maana itafika, akupe mtu wa kuketi kando yako.