Jibu la Mstari wa Juu

Tulipokimbia Kivu ya Kusini mwaka 1996, kaka yangu mkubwa alirudi nyuma kufuata ng'ombe wetu, na hatukumwona tena. Mama alizeekea Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akilima maharagwe. Nilipopata kazi Mbarara, katika shirika dogo la kutafuta ndugu waliopotezana vitani, yeye alifurahi kuliko mimi.

Kazi hiyo nilitafutiwa na rafiki yangu, Mkongomani mwenzangu niliyesoma naye kompyuta mjini. Jumapili nyingi alikuja Juru kula kwetu, akimwita mama yangu mama. Yeye ndiye aliyeandika programu ya ofisi. Mimi niliingiza majina kwenye kanzidata.

Programu ilitumia kielekezi, kitu kinachofanya kazi kama kidole cha mtu anayesoma jedwali. Kinasimama kwenye mstari mmoja, programu inachukua jina la anayetafutwa pale, inalitafuta katika taarifa za kambi nyingine, inaandika jibu, kisha kinashuka mstari unaofuata. Asubuhi moja nilikuwa nikipitia majibu, nikafika kwenye mstari wa mama, nilipokuwa nimeandika jina la kaka. Kaka amepatikana, kambi moja ya Tanzania. Namba ya simu ya ofisi ya kule ilikuwa pembeni.

Siku hiyohiyo nilishuka Nakivale. Nilimkuta mama akipura maharagwe.

"Mama, balimupata."

Alikaa chini, juu ya maganda yaleyale. "Iko fasi gani? Ni muzima?"

"Ni muzima. Iko Tanzania."

Hakulia. Alianza kuimba, na wanawake wa kanisa wakaja kuimba naye. Jumapili iliyofuata rafiki yangu alikuja pia. Alikula, akachukua ngoma, akapiga mpaka jasho likamtoka.

Watu wa kule walipokubali kumwita kaka kwenye simu, nilimleta mama Misiera, karibu na Base Camp, penye ofisi kuu za kambi, ambako mtandao haukatiki ovyo. Niliweka sauti kubwa ili asikie vizuri.

"Mwana wangu," mama alisema.

Kisha sauti ya mwanamume, ya upole sana: "Mama, unisamehe. Miye siko ule muntu. Mama yangu alikufaka zamani. Miye natafuta dada yangu."

Alipotaja jina la dada huyo, nililijua. Mwanamke huyo, anayemtafuta kaka yake, alikuwa kwenye mstari ulio juu ya ule wa mama.

Niliporudi Mbarara niliamuru programu isome mstari wa mama peke yake. Jibu likaja tupu. Nikaiamuru isome mstari wa juu kwanza, halafu wa mama. Kaka akapatikana tena Tanzania. Programu ilipomkosa mtu, haikufuta jibu lililotangulia. Kielekezi kilishuka, na jibu la mwenzake likaandikwa kuwa lake.

Nilimwita rafiki yangu aone. Hakukaribia hata kutazama.

"Hiyo naijua. Niliiona mwezi uliopita. Unatia amri moja tu ya kufuta."

"Uliiona, ukanyamaza?"

"Bosi angesema programu ni mubaya. Nilitaka kuitengeneza polepole."

"Ulikuja kwetu. Ulipiga ngoma!"

Aliangalia mikono yake. "Nilizani kwa mama ni kweli."

Labda alidhani hivyo. Lakini bosi wetu, mama mmoja wa hapo Mbarara, alipotuita, rafiki yangu alitangulia kusema: "Huyu dada ndiye aliingiza majina vibaya." Nilieleza yote. Bosi alichoka kutusikiliza. "Tengenezeni hiyo kitu. Muache kugombana." Amri ya kufuta niliiandika mimi, naye akiwa ameketi upande wa pili wa meza, akinywa chai.

Nilimweleza mama kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kama anavyomtazama mtu wa ofisi aliyekuja kupiga picha.

"Na weye, ulijuaka?"

"Hapana, mama. Sikujua."

"Lakini ni weye uliniletea ile habari."

Nje, jirani alikuwa anawaita mbuzi wake.

"Umutoe mwana wangu mu ile mashini," alisema. "Nitamungojea bila ile ofisi yenu."

Nilimtoa kesho yake. Rafiki yangu aliniona nikifuta, akauliza kama mama hajambo. Nikaendelea na kazi.