Tiki ya Kijani ya Wifi Yangu

Wifi yangu hakuwahi kuacha tabia moja ndogo: ukimjibu swali, alikugeuzia jibu lako kwanza. "Umesema umenisikia, au umesema ndiyo?" Kaka yangu aliijua tabia hiyo mapema. Alipomwomba waoane, aliambiwa, "Nimekusikia," naye akakimbia nyumbani kumtangazia mama harusi. Ilibidi arudi kwa aibu kuomba radhi. Ndiyo yenyewe aliipata wiki kadhaa baadaye.

Kwa hiyo lililotokea kliniki lilimuuma wifi kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Aliandika programu za simu, peke yake, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, chenye feni iliyolia kama kuku anayetaga. Mteja wake alikuwa mmoja tu, kliniki ya meno. Mgonjwa alichagua saa kwenye simu, ombi likaenda kwenye seva, kompyuta inayotunza ratiba ya kliniki, seva ikajibu, tiki ya kijani ikatokea: nafasi ni yako.

Asubuhi ya kwanza ya programu hiyo nilikuwepo kliniki, shavu limevimba kwa jino, tiki yangu mkononi. Benchi lilikuwa limejaa.

"Samahani dada, saa mbili ni yangu," fundi bomba mmoja aliniambia.

"Na hii ni nini?" Nikamwonyesha simu.

"Hata mimi ninayo!" bibi mmoja alidakia kutoka kwenye kona. "Tena yangu imekoza."

Daktari alitoka na glavu zake, akatazama umati, akampigia wifi. "Njoo uwaone wageni uliowaalika. Jioni ikifika mambo yakiwa bado hivi, programu hii naitoa."

Wifi alifika na ndala zisizofanana. Alikaa kando yangu, kompyuta magotini, akaanza kusoma majibu ambayo seva ilikuwa imetuma. Ghafla akajipiga kwenye paji la uso.

"Wifi, nichape."

"Kisa?" niliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Seva imemwambia kila mtu ombi lake limefika. Halafu ndani ya jibu hilohilo imewaandikia waliochelewa kwamba nafasi imeshachukuliwa. Programu yangu imeona jibu limekuja, ikashangilia bila kulifungua. Nimefanya kama kaka yako!"

Nilicheka, na jino likaniadhibu papo hapo.

Alirekebisha palepale kwenye benchi. Sasa programu ilisoma jibu mpaka ndani. Ukikubaliwa, tiki. Ukikataliwa, inakuonyesha saa nyingine. Jibu likija limeharibika, au lisipokuja kabisa, inaandika: "Bado sijui. Usitoke nyumbani kwanza."

Daktari alikunja uso. "Mtu ana maumivu, wewe unamwambia hujui?"

"Daktari, kabla hujaona picha ya jino, unamwambia nini mgonjwa?"

Daktari alivua glavu moja taratibu. "Namwambia asubiri."

"Haya basi."

Mchana mtandao ukakatika. Jino langu lilikuwa limeshang'olewa, ila nilibaki na pamba mdomoni, nikiutazama mlango pamoja na wifi na daktari. Hakuja mtu bila nafasi. Simu ya mapokezi tu ndiyo iliyolia. Watu walikuwa majumbani kwao wakiuliza wafanye nini. Mtandao uliporudi kila mmoja akapata jibu lake la kweli, na bibi wa kwenye kona, aliyekuwa amesharudi kwake, akapewa nafasi ya kesho yake, akalalamika kwa raha zake.

Jioni daktari alisema neno moja: "Ibaki."

"Umesema ibaki leo, au ibaki?" wifi aliuliza.

"Ibaki, mama! Nenda kavae viatu."

Daktari aliwasimulia wenzake, wenzake wakamtafuta wifi, na kazi ikawa nyingi katika mji mwingine. Wifi na kaka wakahama. Feni ya chumba cha nyuma imenyamaza, na wakati mwingine naiwasha bila sababu.

Siku ya kuondoka, masanduku yakiwa yameshapakiwa, nilimuuliza kupitia dirisha la gari kama watarudi mwisho wa mwaka.

Alinibana shavu, lilelile. "Ombi limefika, wifi. Jibu bado. Usimtangazie mama."